Karagwe, Kyerwa: Weka ghala la intaneti, punguza gharama

WENYE maduka ya kompyuta Kayanga na Nkwenda wanaweza kununua intaneti kidogo na bado wakahudumia wateja walewale, mradi waweke akiba ya data palepale dukani.

Hakuna mwenye duka Kyerwa anayefuata sabuni Mwanza kila mteja anapobisha hodi. Huleta katoni, akauza mche mmoja mmoja. Intaneti nayo ni hivyo. Kompyuta 10 zikihitaji sasisho la megabaiti 500, na kila moja ikilivuta peke yake, utalipia megabaiti 5,000. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, kompyuta za mtandao mmoja zinaweza kugawiana: moja ikishapakua, nyingine huchukua kwake. Malipo hushuka hadi karibu megabaiti 500. Hakikisha tu mpangilio huo umewashwa.

Programu ya Squid, iliyotoka mwaka 1996, ilihifadhi hata kurasa za tovuti kwa ofisi nzima. Siku hizi kurasa nyingi husafirishwa kwa usimbaji, hivyo Squid ya kawaida haiwezi kuzihifadhi. Usiuziwe mtambo kwa sifa za zamani.

Wanunuzi wa kahawa nao wajihadhari: bei ya mnada haiwekwi ghalani. Bei ya jana iliyobaki kwenye kompyuta yaweza kukutia hasara ya shehena nzima. Fungua ukurasa upya kabla ya kutaja dau.