Prince Albert ‘yupo’ au ‘ipo’? Asili ya jina la tumbaku na fumbo la ngeli

KUNA mzaha mkongwe ambao vijana wa Marekani walipenda kuwafanyia wenye maduka enzi za simu za waya. Kijana anapiga simu na kuuliza kwa adabu zote: “Mna Prince Albert kwenye kopo?” Mwenye duka anatupa jicho rafuni, kisha anajibu kwamba wanayo. “Basi mfungulieni atoke!” kijana anafoka na kukata simu huku akiangua kicheko.

Prince Albert ni tumbaku ya kiko. Imeuzwa Marekani tangu 1907, na kwa miaka mingi ilitambulika kwa kopo lake jekundu lenye picha ya bwana aliyevaa koti refu jeusi na kushika fimbo. Jina lenyewe lina maana ya mwanamfalme Albert. Mzaha unafaulu kwa Kiingereza kwa sababu hakuna chochote katika swali wala katika jibu kinachofichua iwapo anayezungumziwa ni mtu au ni bidhaa. Siri inatoboka mwishoni tu.

Hebu jaribu kuutafsiri kwa Kiswahili uone utakavyokwama. Mwenye duka akijibu “ipo”, mzaha umekufa papo hapo kwa kuwa tayari ametaja tumbaku. Akijibu “yupo”, amekiri kwamba kuna mtu anayekosa pumzi ndani ya kopo. Mimi mwenyewe hapo juu nimelazimika kuandika “wanayo”, na msomaji makini amekwisha kuona kwamba nimeuvunja mzaha kabla haujaiva.

Upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili hutulazimisha kuamua jambo ambalo wenye chapa wangependa tusiliamue. Nashikilia kwamba majina mengi ya chapa hustawi katika utata huo: bidhaa ni ya “ipo”, ila jina linaazima heshima ya “yupo”. Tukiifuatilia asili ya jina Prince Albert, tutaona jinsi uazimaji huo unavyofanyika.

Je, Prince Albert alikuwa nani? Anayeijua historia ya Uingereza atakimbilia kumtaja mume wa Malkia Victoria. Hata hivyo, etimolojia haifanywi kwa sikio peke yake, hufanywa kwa kalenda pia. Mume wa Malkia aliaga dunia 1861, miaka 46 kabla ya tumbaku hiyo kuingia sokoni. Anayekusudiwa ni mwanawe, Albert Edward, ambaye nyumbani aliitwa Bertie. Huyu aliitembelea Marekani 1860 akiwa kijana, akapokewa kwa shangwe, na ukubwani akawa mvutaji sugu ingawa mamake aliuchukia moshi. Ndiye aliyetawala Uingereza kwa jina la Edward VII kuanzia 1901 hadi 1910.

Kumbe hapo pana kitendawili cha pili. Mwaka 1907 bwana huyu hakuwa mwanamfalme tena. Alikuwa mfalme kwa miaka sita, na alipotwaa kiti aliliweka kando jina la Albert, akieleza kwamba alitaka libaki kuwa la babake peke yake. Prince Albert aliyekuwapo katika jamaa ya mfalme wakati huo alikuwa mjukuu wake, mtoto wa miaka 11, ambaye baadaye alitawala kama George VI. Sidhani kuna aliyetaka kuuza tumbaku kwa sura ya mtoto.

Kwa nini basi jina lisilo na mwenyewe likapata soko? Jibu nalipata katika nguo. Nchini Marekani, “Prince Albert” lilikuwa limekwisha kuwa jina la vazi: koti refu la kiume lenye safu mbili za vifungo, la kuvaliwa kwenye shughuli za heshima. Kwa maoni yangu, mkulima wa Kentucky aliyenunua kopo lake hakuhitaji kujua nani anarithi nani kule London. Koti lilitosha. Jina lilikuwa limesafiri kutoka kwa mtu hadi kwenye vazi, kutoka kwenye vazi hadi kwenye hadhi, na kutoka kwenye hadhi hadi kwenye kopo. Na safari haikuishia hapo: bwana huyohuyo, kwa jina lake la ufalme, alitumiwa kuuza sigara nono za majani ziitwazo King Edward.

Aliyeleta Prince Albert sokoni ni kampuni ya Richard Joshua Reynolds. Alizaliwa Virginia 1850, akahamia mji wa Winston, North Carolina, katika miaka ya 1870 na kufungua kiwanda cha tumbaku ya kutafuna. Prince Albert ilikuwa karata yake ya kuingia katika soko la wavuta kiko, na ilimpa jina nchi nzima. Waliochambua na kusindika majani katika viwanda vyake, wengi wao wafanyakazi Weusi, majina yao hayakuchapishwa kwenye kopo lolote. Mji wenyewe uliungana na jirani yake Salem mnamo 1913, na katika miaka ya 1950 kampuni hiyo ikayatoa majina hayo mawili kwa sigara zake, Winston na Salem. Mtu, koti, mji: vyote viligeuzwa chapa.

Jambo jingine linanigusa kama mtu wa lugha, kwa kuwa linahusu ulimi. Wavuta kiko hulalamika kwamba tumbaku kali “inauma ulimi”, yaani inauwasha na kuuchoma. Kampuni ya Reynolds ilitumia tumbaku aina ya Burley, na ikapata hataza ya namna ya kuisindika. Tarehe ya hataza hiyo, Julai 30, 1907, ilichapishwa kwenye kopo kama hati ya ubora. Matangazo yakanadi kwamba Prince Albert haiumi ulimi, ati ni moshi wa furaha wa taifa zima. Ulimi wa mvutaji ulitulizwa, na ulimi wa muuzaji ukapata la kusema. Kilichonyamaziwa ni kwamba kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, hata kama moshi wake ni mtamu kiasi gani.

Hapa kwetu pia uazimaji huu tunao. Mtu akienda dukani kutaka Sportsman, huambiwa, “Sportsman imeisha.” Hakuna muuzaji anayesema “Sportsman ameisha.” Jina lina maana ya mwanamichezo, lakini wazungumzaji, bila kufunzwa na yeyote, wameliondoa katika ngeli ya watu na kuliweka katika ngeli ya vitu. Huo ni uamuzi wa kisarufi wenye busara kuliko tangazo lolote. Nani aliyewahi kuona kocha akiwagawia wanariadha sigara kabla ya mbio?

Mwaka 2007, karne moja kamili baada ya Prince Albert kuzaliwa, Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Sheria hiyo ilipiga marufuku utangazaji wa tumbaku na kuagiza kwamba onyo la afya liandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kabla ya hapo, 2004, tulikuwa tumeridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani, ambao unayataja maneno ya aina ya “hafifu” na “laini” miongoni mwa yale yanayoweza kumpotosha mnunuzi. Ni hatua njema, lakini tazama ni aina gani ya maneno iliyolengwa. Vivumishi vimekamatwa. Nomino za pekee zimeponyoka, kwa sababu jina halidai lolote waziwazi. Huwezi kulishtaki jina kwa uongo. Linakaa tu pale kwenye pakiti, likimnong’onezea mnunuzi kuhusu ufalme, michezo au ubalozi.

Ndiyo maana nawahimiza walimu wa Kiswahili wasiishie kwenye methali na mashairi wanapofundisha ngeli. Waleteni wanafunzi majina ya chapa, iwe ni ya sigara, ya pombe au ya kampuni za kamari, kisha waulizeni: jina hili linapatanishwaje, na kabla ya kufika kwenye pakiti lilikuwa la nani? Mwanafunzi anayeweza kutenganisha “yupo” na “ipo” ameshapata kinga ya kwanza dhidi ya tangazo. Ndani ya kopo lile jekundu hayupo mwanamfalme yeyote. Ipo tumbaku.