Kitu Kimoja, Jina Moja: Urejeleo katika Michoro ya Kuta za Ndani

Sisi wanafunzi wa isimu tumezoea kutafuta urejeleo katika viwakilishi na vioneshi: huyu, yule, hapo. Katika makala haya ninautafuta kwenye karatasi za ujenzi. Mifano yangu ni ya Misisi, mji wa wachimbaji dhahabu katika teritwari ya Fizi, ambako niliwasikiliza mafundi wakisomeana karatasi hizo.

Karatasi ni za aina tatu. Ramani inaonyesha chumba kikitazamwa kutoka juu. Mchoro wa ukuta wa ndani unaonyesha ukuta mmoja kama anavyouona mtu aliyesimama katikati ya chumba: mlango, dirisha, sinki, kimo cha vigae. Maelezo ya kazi hayana picha. Yanataja aina ya kifaa, ubora wake na namna ya kukiweka.

Kinachoziunganisha ni namba. Kwenye ramani kuna duara lenye mshale: mshale unaelekea ukuta unaotazamwa, namba inakupeleka kwenye mchoro wake. Kwenye mchoro, mstari mwembamba unatoka kwenye kigae hadi namba nyingine, nayo inakupeleka kwenye aya ya maelezo. Kila namba ni kioneshi.

Kanuni ya kazi ni kwamba mchoro useme kitu kipo wapi na kinafika wapi, na maelezo yaseme ni kitu cha aina gani. Kipimo kikiandikwa mahali pawili, siku moja kitabadilishwa mahali pamoja tu. Tuchukue chumba cha kujifungulia cha mita 4 kwa 5, ambacho kuta zake lazima zioshwe. Mzunguko wake ni mita 18. Mchoro ukisema vigae vifike mita 1.5, tunahitaji mita za mraba 27 kabla ya kuondoa mlango. Maelezo yakisema mita 1.2, tutanunua 21.6. Pengo ni mita za mraba 5.4, na mzigo mwingine utasubiri barabara ya Baraka.

Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, yanayotumika katika mikataba mingi ya kimataifa, yanatanguliza maelezo mbele ya michoro vinapopingana. Lakini fundi aliye juu ya ngazi ameshika mchoro, si mkataba.

Tatizo la pili ni letu hasa. Watu wengi wa Fizi waliwahi kuishi ukimbizini Kigoma, wengine katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996. Fundi aliyejifunzia kazi Tanzania atasema lipu, tailizi, dari. Aliyejifunzia Bukavu atasema krepi, karo, plafo, kwa kufuata Kifaransa. Wote wawili wako sahihi. Hatari ni mwandishi anayetafsiri maelezo na kuandika "vigae" katika aya ya 3, kisha "marumaru" katika aya ya 7, ili asirudie neno. Katika insha tulisifiwa kwa hilo. Hapa msomaji ana haki ya kudhani kuwa vitu ni viwili, tena marumaru ni jiwe lenye bei yake.

Hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, ukurasa wa mwanzo uwe na orodha ya majina: neno moja lililochaguliwa, na pembeni yake majina mengine ambayo mafundi wanayajua. Pili, karatasi zisomwe mara mbili kabla ya kununua chochote. Safari ya kwanza, toka kwenye kila namba ya mchoro uitafute aya yake. Safari ya pili, toka kwenye kila aya uutafute ukuta wake. Namba isiyo na aya ni kiwakilishi kisicho na rejeo. Aya isiyo na ukuta ni kifaa kitakacholipiwa bila kuwa na pa kuwekwa.

Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Inahitaji msomaji makini wa Kifaransa na Kiswahili, na wasomaji wa namna hiyo ndio idara zetu zinawaandaa.