Hekalu la Misri Husomwa kwa Kutembea

Mgeni akiingia hekalu la Karnak, mjini Luxor, huinua kichwa kwanza. Ukumbi mkuu una nguzo 134, na zile 12 za katikati hufika mita 21 hivi. Shingo huuma, picha hupigwa, safari huendelea. Mwenye haraka hiyo ameona mawe tu, hekalu bado.

Hekalu la Misri ya kale halikujengwa kwa ajili ya kukusanya waumini. Lilikuwa nyumba ya mungu, na raia wa kawaida aliishia uani, tena siku za sikukuu. Kadiri unavyozidi kuingia ndivyo sakafu inavyopanda, dari inavyoshuka na mwanga unavyofifia, mpaka kwenye chumba cha giza ilimokaa sanamu ya mungu. Humo aliingia mfalme, au kuhani kwa niaba yake.

Mpangilio huo una hadithi. Wamisri waliamini kwamba dunia ilianza kwa kilima kilichochomoza katikati ya maji yasiyo na mwisho. Chumba cha ndani ndicho kilima chenyewe. Nguzo ni mafunjo ya kinamasi kilichokizunguka: zile za katikati, zilizopata jua kupitia madirisha ya juu, zimechanua maua, za pembeni, penye kivuli, zingali vitumba. Minara miwili ya langoni ni vilima vya upeo wa macho, na jua huchomoza kati yake.

Nao mto Nile ulishiriki katika hadithi hiyo. Wakati wa mfalme Osorkon III, karne ya 8 KK, ulifurika hadi ndani ya hekalu la Luxor, na tukio hilo likaandikwa humo humo. Lango la Karnak linaelekea mtoni, na ng'ambo, upande wa machweo, ndiko waliko wafu. Kila mwaka sanamu ya mungu Amun ilivushwa kwa mashua kwenda kuyazuru mahekalu ya wafalme waliokufa. Ukiuondoa mto, nusu ya maana imekwenda.

Tatizo ni kwamba maana ikishapatikana, watu hawajui pa kukomea. Mwaka 1949 mwandishi R. A. Schwaller de Lubicz alichapisha kitabu kilicholisoma hekalu la Luxor kama mwili wa binadamu. Vipimo vyake vinavutia, lakini ua wa mbele uliongezwa na mfalme Ramesses II miongo kadhaa baada ya ujenzi wa mfalme Amenhotep III, tena umepinda kufuata njia ya Karnak. Mwili gani huo unaoongezewa kiungo na mjenzi mwingine?

Mimi naiamini zaidi Edfu. Hekalu hilo la mungu Horus lilianzwa mwaka 237 KK, na kuta zake zimejaa maandishi yanayoeleza vyumba vyake, ibada zake, hata asili yake ya kimungu. Ukijaliwa kufika, mwambie mwongozaji akusomee ukuta kwanza. Nadharia zake zije baadaye.