Gita ya kisanduku: kazi ya mikono ambayo kijana anaweza kuanza kwa mbao moja na kamba tatu

Kwa kijana wa Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi anayetaka kujifunza muziki, kikwazo cha kwanza mara nyingi si vidole wala sikio. Ni gita yenyewe. Ile ya dukani inatoka mbali na bei yake inapita uwezo wa jamaa nyingi. Ile ya kanisa inafungiwa ofisini na inaguswa siku ya mazoezi tu. Lakini kuna njia ingine, ya zamani na isiyoomba makuta mengi: kutengeneza gita yako mwenyewe kwa kisanduku, mbao na kamba tatu. Ikipimwa vizuri, gita hiyo inatoa sauti za kweli na inaweza kupigwa pamoja na gita ya kawaida. Ikipimwa vibaya, inabaki mapambo ya ukutani. Tofauti kati ya hizo mbili iko katika vipimo vichache ambavyo yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuvifuata.

Ilianza na visanduku vya sigara

Jina la gita hii linatoka Marekani. Katika karne ya 19, sigara nene ziliuzwa huko ndani ya visanduku vidogo vya mbao nyembamba. Sigara zikiisha, kisanduku kilibaki, na watu maskini waliona kwamba mbao ile nyembamba inalia vizuri. Mchoro wa Edwin Forbes wa mwaka 1876 unaonyesha askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, akipiga fidla iliyotengenezwa kwa kisanduku cha namna hiyo. Miaka ya 1880, mwandishi Daniel Carter Beard aliwachapia vijana maelezo ya kujitengenezea banjo kwa kisanduku cha sigara.

Wanamuziki wakubwa walipitia hapo. Lightnin' Hopkins, mpiga blues wa Texas, alisimulia kwamba gita yake ya kwanza aliitengeneza kwa kisanduku cha sigara. Carl Perkins, mmoja wa waanzilishi wa rock and roll, alipewa na baba yake gita ya kisanduku na mti wa ufagio. Huko kusini mwa Marekani, watoto weusi walikuwa pia wakikaza waya mmoja kwenye ukuta wa nyumba, wakiweka chupa chini yake na kuupiga. Watafiti wa muziki wanaona kwamba ala ile ya waya mmoja ina mizizi Afrika, zaidi sana Afrika ya kati. Kwa maneno mengine, sehemu ya ujuzi huo ilitoka huku kwetu, ikavuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani.

Kongo ina historia yake

Mutu yeyote anayecheka gita ya kopo akumbuke Franco Luambo. Alizaliwa mwaka 1938 huko Sona-Bata na kukomalia Kinshasa, ambako mama yake aliuza mikate ya kukaanga sokoni. Kama mtoto, alijitengenezea gita kwa kopo, na kamba zake zilikuwa nyaya za umeme zilizovuliwa ngozi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, alikuwa tayari anarekodi nyimbo katika studio ya Loningisa. Mwaka 1956 alikuwa kati ya waanzilishi wa OK Jazz. Na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021, rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa ubinadamu.

Katanga nako kuna karindula, ile banjo kubwa ya pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, yenye shingo ndefu ya mbao. Vijana wa Lubumbashi wanaipiga kwenye matanga na kwenye sherehe, na mwaka 2011 kampuni ya Ubelgiji Crammed Discs ilitoa filamu na muziki wa vikundi hivyo. Kinshasa, Roger Landu wa Staff Benda Bilili alijulikana ulimwenguni kwa satonge, ala aliyoibuni mwenyewe kwa kopo la maziwa, kijiti kilichopindwa na waya mmoja tu. Kundi la Konono Nº1, lenyewe, lilitengeneza vipaza sauti vya likembe zake kwa sumaku za magari ya zamani.

Mafundi wetu wa mashariki pia hawahitaji kufundishwa kwamba mbao inaweza kufanya kazi kubwa. Mji wa Goma umejengwa kwa sehemu juu ya chukudu, chombo cha mbao kinachobeba viazi, makala na mizigo mingine, kinachochongwa kwa mikono, bila mashine kubwa. Anayeweza kuchonga chukudu inayoshuka mlima na mzigo bila kuvunjika, anaweza kuchonga shingo ya gita.

Vitu vya kutafuta

Kisanduku ni cha kwanza. Huku kwetu visanduku vya sigara nene ni adimu, lakini kisanduku chochote cha mbao nyembamba kinafaa: cha chai, cha vinywaji, ao kile utakachotengeneza wewe mwenyewe kwa tripleksi ya milimita 3. Urefu wa sentimita 25, upana wa 18 na kina cha 6 unatosha. Gonga kifuniko kwa kidole. Kikijibu kama ngoma ndogo, kitaimba. Kikinyamaza, mbao ni nene sana. Kopo la mafuta ya kula la lita 4 linafaa pia. Sauti yake ni kali na inakatika haraka, karibu na ile ya banjo.

Cha pili ni mbao ya shingo: urefu wa sentimita 90, upana wa 4 na unene wa 2. Hapa ndipo wanaoanza wanapaswa kuwa wagumu wanaponunua. Mbao iwe ngumu na iwe imekauka kabisa. Mbao mbichi itajipinda baada ya wiki chache na kazi yote itaharibika. Ishike karibu na jicho na uitazame toka mwisho mmoja hadi mwingine, sawa vile fundi anavyotazama mbao ya mlango. Ikiwa imepinda, irudishe.

Vingine ni vidogo: msumeno, kisu kikali, papie emeri, kole ya mbao, rula ndefu, bulo mbili za unene wa milimita 6 hadi 8, na funguo tatu za kukaza kamba. Funguo hizo zinaweza kutoka kwenye gita iliyovunjika. Waliokosa kabisa wanachonga vijiti vya mbao ngumu vilivyochongoka kidogo na kuviingiza kwa nguvu ndani ya matundu.

Kuunganisha shingo na kisanduku

Shingo haibandikwi nje ya kisanduku. Inapita ndani yake toka upande mmoja hadi wa pili, kisha inatokeza sentimita 2 nyuma, mahali ambapo kamba zitafungwa. Hivyo nguvu yote ya kamba inabebwa na mbao ngumu, na kisanduku kinabaki na kazi moja tu ya kutoa sauti.

Kata nafasi mbili kwenye pande za kisanduku kusudi shingo ipite. Sehemu ya shingo itakayokaa ndani, ipunguze upande wa juu kwa milimita 6: tatu ni za unene wa kifuniko, na tatu zinazobaki ni nafasi ya hewa. Wengi wanasahau nafasi hiyo. Shingo ikigusa kifuniko, inakizuia kutetemeka na gita inakuwa bubu. Toboa pia tundu moja ao mawili ya sentimita 2 hadi 3 kwenye kifuniko, mbali na mahali ambapo kamba zitakandamiza.

Bulo ya kwanza inawekwa upande wa kichwa, ndani ya mfereji mdogo uliochongwa kwa kukatisha shingo. Hiyo ni daraja ya juu, na mistari yake inashika kamba zisihame. Bulo ya pili ni daraja ya chini, na inakaa juu ya kifuniko. Kati ya daraja hizo mbili pima sentimita 60 kamili. Usibandike daraja ya chini kwa kole, kamba zenyewe zitaishika, na utahitaji kuisogeza baadaye.

Hesabu inayoamua kila kitu

Freti ni vile vyuma vidogo vinavyokatisha shingo, ambavyo kidole kinakandamiza kamba karibu navyo. Nafasi zake hazikadiriwi kwa macho. Kila freti inafupisha kamba kwa kiasi kilekile cha urefu uliobaki: unagawanya urefu huo kwa 17,817. Ndiyo maana nafasi zinazidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia kisanduku.

Kwa kamba ya sentimita 60, freti 12 za kwanza zinakaa kwenye milimita 34, 65, 95, 124, 151, 176, 200, 222, 243, 263, 282 na 300. Vipimo vyote vinaanzia daraja ya juu. Usipime toka freti moja hadi nyingine, kwa sababu kosa dogo la kila hatua litajumlishwa na kuwa kubwa mwishoni. Uhakikisho ni rahisi: freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 300 kati ya 600.

Kwa gita ya kwanza kuna njia nyepesi zaidi. Chora mistari hiyo kwa kalamu bila kuweka vyuma, kisha telezesha chupa ndogo ya glasi juu ya kamba. Mstari utakuonyesha pa kusimama. Ukishazoea, kwenye gita ya pili unaweza kuweka freti kwa vipande vya nyaya za gurudumu la kinga, vikibandikwa ndani ya mifereji yenye kina kimoja.

Kamba tatu, sol-re-sol

Paketi moja ya kamba za gita ya kawaida inatosha. Chukua ya tano, ya nne na ya tatu. Ile ya tano, ambayo kwa kawaida ni la, ilegeze hadi sol. Ya nne inabaki re, ya tatu inabaki sol. Wasio na paketi wanafungua kamba ya freni ya kinga na kutumia waya mmoja mmoja wa ndani. Inalia, hata kama inashika kutu haraka.

Uzuri wa sol-re-sol ni kwamba anayeanza hapigani na vidole. Ukipiga kamba zote wazi, una sol. Ukilaza kidole kimoja ao chupa juu ya kamba zote kwenye freti ya 5, una do. Kwenye ya 7, una re. Kwa sauti hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kanisa, na rumba nyingi pia.

Sasa rekebisha daraja ya chini. Piga kamba wazi, kisha ikandamize kwenye freti ya 12. Lazima usikie sauti ileile, ila ya juu zaidi. Ikipanda kupita kiasi, sogeza daraja nyuma, mbali na shingo. Ikishuka, isogeze mbele. Milimita 2 ao 3 zinatosha kubadilisha gita yote.

Ya kuangalia

Kazi hii ina hatari zake. Usitumie kopo ao pipa lililobeba dawa ya mashamba, na usikate kwa moto chombo kilichobeba esansi, hata kikionekana kitupu, kwa sababu mvuke uliobaki unaweza kulipuka. Kunja kingo za bati kabla mtoto hajazigusa. Unapokaza kamba kwa mara ya kwanza, weka uso mbali, kwani waya ukikatika unaelekea macho. Wakati wa kupiga msasa, funika pua.

Inaweza kuwa kazi?

Mafundi wa mbao wa mitaa yetu tayari wana vyombo vyote. Vipande vinavyobaki baada ya kutengeneza kitanda ao mlango, vinavyochomwa leo jikoni, vinatosha shingo. Kwa vijana wanaojifunza useremala, gita ya kisanduku ni mtihani mzuri: inaomba kupima, kunyoosha na kusubiri kole ikauke, na mwishoni kila mtu anasikia kama kazi ni nzuri ao mbaya. Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayejulikana kwa jina la Socklo, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba magita yaliyotengenezwa hapa nchini yanaweza kupigwa na wanamuziki wa kweli.

Kuna sababu ingine, ya huku mashariki. Katika majimbo ambako jamaa zimekimbia makwao zaidi ya mara moja, ala ya bei kali ni kati ya vitu vya kwanza kuuzwa ao kuachwa nyuma. Anayejua kutengeneza gita anaweza kuanza upya popote atakapopata mbao kavu, kisanduku na waya.

Anayetaka kuanza asisubiri kuwa na kila kitu. Jumamosi ya kwanza, achague kisanduku na anyooshe shingo. Ya pili, aunganishe na kuacha kole ikauke siku nzima. Ya tatu, aweke daraja, achore mistari 12 na akaze kamba. Gita ya kwanza haitakuwa nzuri kwa macho, na hakuna ubaya. Aiweke vipimo vyake kwenye daftari, kwa sababu rafiki wa kwanza atakayeisikia ataomba kutengenezewa yake.