Moto umezimika, lakini hatari haijaisha



Kila mwaka, wakati wa kiangazi, tunaona moto unachoma pori karibu na makao yetu. Wengi wanafikiri kwamba moto ukizimika mambo yamekwisha: tunafagia, tunajenga tena, watoto wanarudi kucheza. Sivyo. Tutazame mfano wa kambi moja ya vijana huko California, nchi ya Marekani.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 2017, moto uliwaka karibu na mji wa Calistoga. Upepo mkali uliusukuma, na mbele ya jua kutoka ulikuwa umekwisha kuingia katika mji wa Santa Rosa. Watu 22 walikufa na majengo zaidi ya 5.600 yaliharibika. Kwenye vilima vya nje ya mji iko Camp Newman, kambi ambamo vijana Wayahudi walikuwa wakikusanyika wakati wa likizo. Majengo yake mengi yaliungua. Kwa bahati njema likizo kubwa ilikuwa imekwisha. Mwaka 2018 watoto walipokelewa kwingine, katika chuo cha mabaharia cha mji wa Vallejo.

Kwa nini watoto wasirudishwe upesi mahali palipoungua? Sababu ni hizi.

1. Majivu. Majivu ya nyumba si kama majivu ya kuni. Nyumba ikiungua, rangi ya zamani inaacha risasi, mbao zilizotiwa dawa zinaacha arseniki, na mabamba ya amianti yanapasuka na kutoa nyuzi ndogo zinazoingia mapafuni. Mtoto anacheza chini, anapeleka mikono kinywani. Risasi inaharibu ubongo wake unaokua, na ubongo ulioharibika hivyo haurudi kama zamani. Kwa hiyo huko Santa Rosa kazi ilifanywa kwa zamu mbili. Kwanza watu waliofundishwa waliondoa vitu vya hatari: rangi, batri, chupa za gazi, amianti. Nyuma, wengine waliondoa majivu, misingi iliyoharibika, na hata udongo wa juu, kisha wakapima udongo uliobaki.

2. Maji. Hili halikujulikana sana mbele ya moto ule. Katika mtaa mmoja wa Santa Rosa watu walisikia maji yananuka. Yalipopimwa, ilionekana benzini, sumu inayoweza kuleta kansa ya damu. Sheria ya California inaruhusu mikrogramu 1 tu katika litri moja ya maji; mahali pamoja ilipimwa 40.000. Moto unapounguza mabomba ya plastiki na kuondoa nguvu ya maji, moshi na sumu vinavutwa ndani ya mabomba. Kuchemsha hakusaidii: benzini inatoka na mvuke, na watu wa nyumba wanaivuta.

3. Kilima na miti. Majani yakiungua, hakuna tena kitu cha kushika udongo. Tarehe 9 Januari 2018, huko Montecito, California, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima iliyoungua mwezi uliotangulia. Matope na mawe yalishuka juu ya nyumba, watu 23 wakafa. Tena mti ulioungua ndani unaweza kusimama miezi mingi, halafu ukaanguka bila upepo. Mbele ya kusimamisha hema la watoto, miti yote itazamwe mmoja mmoja.

4. Nyumba mpya. Mara nyingi si ndimi za moto zinazochoma nyumba, bali makaa madogo yanayorushwa na upepo. Yanapita kwenye matundu ya hewa, yanaingia katika majani makavu juu ya paa. Hivyo nyumba mpya inataka paa lisilowaka, wavu wa chuma wenye matundu ya milimetre 3 hivi, na metre 1,5 kuzunguka ukuta pasipo kuni wala majani. Sheria ya California inaomba usafi wa pori mpaka metre 30.

Na sisi je? Mfanyakazi wa mine anajua tayari neno kubwa: mavumbi usiyoyaona ndiyo yanayoua mapafu. Chini ya ardhi tunatoboa jiwe kwa maji ili mavumbi yasiruke. Fanya vilevile nyumbani, nyumba ya jirani ikiungua:

– Nyunyiza majivu maji kidogo mbele ya kuyaondoa. Usiyafagie yakiwa makavu.
– Vaa maski ya kuchuja mavumbi, glovu na viatu vya kufunika mguu. Kitambaa puani hakitoshi.
– Watoto na mama wenye mimba wasiguse kazi hiyo hata kidogo.
– Usimwage majivu hayo katika shamba la mboga wala karibu na kisima.
– Vua nguo za kazi nje, uoge, kisha ushike mtoto.
– Ukikohoa au kifua kikibana, njoo kwa mganga siku ileile.

Kusaidia jirani aliyeunguliwa ni jambo zuri, na watu wengi wanakuja mbio. Lakini tusafishe kwanza, tupime maji, tujenge sawasawa, na watoto wawe wa mwisho kurudi.