Mfumi wa Nguo na Mtambo wa Mvuke

Nguo yo yote ukiitazama karibu ni nyuzi zilizopitana. Nyuzi zilizonyoshwa kwa urefu huitwa mtande, na uzi unaopita kati yake kwa upana huitwa mshindio. Kufuma ni kuupitisha mshindio katika mtande na kuukaza, tena na tena, maelfu ya mara, mpaka jora moja limekwisha. Tangu zamani sana kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Habari hii yaeleza jinsi ilivyotoka mikononi mwa watu ikaingia katika mtambo, na mambo yaliyowapata wale waliokuwa wakiishi kwayo.

Upande wa kaskazini wa Uingereza liko jimbo liitwalo Lancashire. Yapata mwaka 1800 jimbo lile lilikuwa limejaa wafumi. Mfumi alikuwa na kitanda chake cha kufumia nyumbani mwake, na mkewe na watoto walimsaidia kutayarisha nyuzi. Hakuna kengele iliyomwamsha wala msimamizi aliyemwangalia. Neno moja tu lilimpasa, jora liwe tayari siku ya kulipeleka kwa tajiri aliyempa nyuzi. Ujira wake ulikuwa mwema, na sababu yake ni ya kufikiriwa sana. Miaka michache nyuma ilikuwa imebuniwa mitambo ya kusokota nyuzi. Wanawake waliokuwa wakisokota kwa mkono walipotewa na kazi yao, lakini nyuzi zikawa nyingi mno hata wafumi wasitoshe. Basi mtambo uliomwondolea msokotaji riziki yake ulimwongezea mfumi riziki yake. Mfumi hakudhani kwamba zamu yake nayo yaja.

Mwaka 1785 kasisi mmoja, jina lake Edmund Cartwright, alipata hati ya serikali kwa mtambo wake wa kufuma. Mtambo ule wa kwanza ulikuwa mbaya: nyuzi zilikatika mara kwa mara, na kazi yake haikushinda kazi ya mkono. Lakini mafundi wengine waliutengeneza kidogo kidogo, wakaufunga kwenye injini ya mvuke. Mwaka 1813 inakadiriwa kwamba mitambo ya namna hiyo katika Uingereza ilikuwa 2,400 tu. Mwaka 1820 ilikuwa kama 14,000, na mwaka 1833 kama 100,000.

Hesabu za siku zile zaonyesha tofauti yake. Mfumi hodari sana wa mkono, mtu mzima mwenye umri wa miaka 25 au 30, aliweza kufuma majora mawili ya nguo za shati kwa juma moja. Mwaka 1823 kijana wa miaka 15, akiangalia mitambo miwili ya mvuke, aliweza kutoa majora tisa ya namna ile ile. Mwaka 1833 kijana mmoja, pamoja na msichana wa miaka 12 wa kumsaidia, waliangalia mitambo minne na kutoa majora 18.

Sasa na tufikiri jinsi mwenye kiwanda alivyohesabu. Majora yalipokuwa mengi, bei ya nguo ilishuka. Bei iliposhuka, tajiri aliyewapa wafumi nyuzi hakukubali kulipa ujira wa zamani. Mfumi hakufukuzwa siku moja kama mtumishi anavyofukuzwa. Aliambiwa tu ya kwamba jora hili litalipwa pungufu kuliko lile la jana. Akafuma mchana na usiku ili apate kile alichokuwa akipata kwa mchana peke yake. Lakini kwa kufuma zaidi aliongeza majora sokoni, na majora yakizidi bei huzidi kushuka. Hivyo juhudi yake yenyewe ilimdidimiza.

Je, kazi ya kufuma ilikwisha? La, haikwisha. Viwanda viliajiri watu wengi sana. Lakini wenye viwanda hawakumtaka mtu wa miaka 40 aliyezoea kujitawala. Walitaka wasichana na vijana, wenye vidole vyepesi, wanaokubali ujira mdogo na kutii kengele. Kwa hiyo kazi ilihama. Ilitoka nyumbani ikaenda kiwandani, ikatoka mikononi mwa baba ikaingia mikononi mwa binti. Zilikuwako nyumba ambamo baba, fundi tangu ujana wake, alilishwa kwa ujira wa mtoto wake. Yapata mwaka 1820 wafumi wa mkono wa pamba walikuwa kama 240,000. Mwaka 1850 walisalia kama 40,000 tu.

Wengine walikasirika. Mwezi wa Aprili 1826, mwaka wa njaa na biashara mbaya, makundi ya watu wa Lancashire walikwenda kiwanda kwa kiwanda, na kwa siku chache wakavunja mitambo zaidi ya 1,000. Askari waliitwa, wakapiga bunduki, na watu kadhaa wakafa. Wengine walikamatwa wakahukumiwa kupelekwa Australia. Mitambo iliyovunjwa ilitengenezwa mingine badala yake.

Wengine walichukua njia ya sheria. Waliliomba Bunge liweke kiasi cha ujira ambacho tajiri asiweze kushuka chini yake. John Fielden, mbunge ambaye mwenyewe alikuwa na viwanda vya nguo, aliwatetea. Lakini mwaka 1835 Bunge lilikataa. Watoto wa viwandani walipata msaada kwanza: sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka tisa kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na sheria ya mwaka 1847 iliweka mwisho wa saa kumi za kazi kwa siku kwa wanawake na vijana. Sheria hizo zilikuwa njema. Lakini ziliwafaa waliokuwa ndani ya kiwanda. Mfumi aliyebaki nje hakupata kitu.

Mambo haya hayakukoma Ulaya. Nguo za viwandani zilipakiwa merikebuni zikafika pwani yetu. Katika karne ya 19 nguo iliyopendwa sana Unguja na bara ilikuwa merikani, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Marekani. Huko Ufipa, upande wa Ziwa Tanganyika, watu walikuwa wakilima pamba na kufuma nguo nzito kwa mikono yao. Nguo za kigeni zilipozidi kuingia kwa bei rahisi, ufumi ule ulififia. Mfumi wa Ufipa alishindwa na mtambo ambao hakuuona kwa macho yake.

Wala habari hizi si za kale tu. Mwaka 1961, katika kiwanda kimoja cha vyuma vya motokaa huko New Jersey, Marekani, mtambo wenye umbo la mkono ulianza kazi ya kushika vyuma vya moto vilivyotoka katika kalibu. Ulikuwa roboti wa kwanza wa kiwandani. Kazi ile ilikuwa ya hatari, na hakuna mtu anayesikitika kidole cha binadamu kikiepushwa na moto. Lakini aliyekuwa akiifanya alikuwa na watoto wa kulisha. Na mwezi wa Mei 2023, huko Kericho katika Kenya, watu wenye hasira walichoma moto mashine za kuchuma majani ya chai, kwa sababu mashine hizo zilichukua kazi ya wachumaji wengi. Miaka karibu 200 ilikuwa imepita tangu mambo ya Lancashire, na malalamiko yalikuwa yale yale.

Watu hubishana juu ya jambo hili. Mmoja husema, mtambo huleta kazi mpya na nguo rahisi. Mwingine husema, mtambo humnyang'anya mtu chakula chake. Wote wawili husema kweli, ila hawasemi habari za watu wale wale. Nguo rahisi ilimfaa kila mnunuzi. Kazi mpya ilimfaa kijana. Hasara yote ilimwangukia mfumi mmoja nyumbani mwake, katika miaka ambayo hakuweza kujifunza kazi nyingine bila msaada. Kwa hiyo mtambo mpya uletwapo mahali po pote, haitoshi kuuliza utatoa majora mangapi. Sharti kuuliza pia ni nani atakayeacha kazi, ana umri gani, atafundishwa kazi gani, na nani atamlisha wakati anapojifunza. Maswali hayo wafumi wa Lancashire waliyapeleka mbele ya wakubwa wao kwa miaka mingi, na walizeeka kabla ya kujibiwa.