Spika za Wakfu: Zifunguliwe Kwanza, Ndipo Ziamuliwe

Kwa miezi kadhaa, adhana ya msikiti mmoja mjini Kilosa ilikuwa ikitoka kwa taabu. Kati ya spika nne za mnarani, mbili zilikuwa kimya, ya tatu ikikoroma, na ya nne pekee ndiyo iliyobeba sauti ya muadhini. Kamati ilipokutana, wengi waliona ni heri ichangishwe fedha, zinunuliwe mpya, na zile kuukuu zipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Habari hiyo ilimfikia mjane mmoja wa mtaani hapo. Spika zile ziliwekwa wakfu na marehemu mumewe. Bibi huyo hakulalamika. Aliomba tu aitwe fundi azifungue kwanza. Ikidhihirika kuwa zimekufa, yeye ataridhika.

Ombi lake lilikuwa na uzito. Wakfu ni mali ambayo asili yake huzuiliwa ili manufaa yake yaendelee. Basi swali la kwanza halikuwa bei ya kitu kipya, bali iwapo manufaa ya kile cha zamani yamekatika kweli.

Fundi alitoka Mikumi. Alizima umeme, akaziteremsha spika zote na kuzipanga juu ya mkeka. Spika ya honi, aliwaeleza vijana waliomzunguka, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni pembe, ambayo ni bati tu na huishi miaka mingi. Ya pili ni yuniti, yenye sumaku na utando mwembamba uliogandishwa koili ya waya mwembamba sana. Mara nyingi kinachokufa ni utando na koili yake. Kutupa spika nzima kwa sababu hiyo ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa.

Alichukua mita na kupima. Yuniti ya omu 16 ikiwa nzima, mita husoma pungufu kidogo ya hapo, kama omu 12 au 13. Koili ikikatika, mita haioneshi kitu. Spika ya kwanza ilikuwa na koili nzima. Ni kiungo cha waya tu kilicholiwa na kutu, kikalehemiwa upya. Iliyokoroma ilikuwa na udongo wa nyigu na unga wa chuma ulionaswa na sumaku. Aliutoa unga huo kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi, kisha akaweka utando mpya wenye kipenyo na omu zilezile. Ile ya pili iliyokuwa kimya haikupona: maji ya mvua yalikuwa yameozesha yuniti yote. Pembe yake ikahifadhiwa kama akiba.

Fundi hakuondoka bila nasaha. Amplifaya inapofunguliwa hadi mwisho, sauti hupasuka na koili hupata joto hadi kuungua. Besi nayo ipunguzwe, kwani honi haikuumbwa kwa sauti nzito. Midomo ya pembe ielekezwe chini kidogo ili maji yasituame, na viungo vya waya vifunikwe vyema kabla ya masika.

Desturi hii haitokani na umaskini. Nchini Uingereza, mwaka 1957, Peter Walker wa kampuni ya Quad alianza kuuza spika isiyo na koili wala sumaku: utando wa plastiki uliowekwa baina ya bamba mbili zenye matundu na kutiwa umeme wa maelfu ya volti. Vumbi na unyevu huzidhoofisha, lakini hadi leo wapo mafundi wanaozivisha utando mpya. Kwa sababu ya umeme huo, asiye fundi asithubutu kuzifungua.

Qur'ani, katika Surat Al-Israa, inakataza ubadhirifu. Sisi huukumbuka katika chakula na harusi, tukausahau katika redio, pasi na feni zinazotupwa zikiwa na kasoro ya waya mmoja. Wazazi na wafungue vitu hivyo mbele ya fundi pamoja na watoto wao, ili watoto wajifunze kuuliza kabla ya kutupa.

Kamati ya msikiti ule sasa ina daftari: nani alitoa nini, lini kilitengenezwa, na nini hakikupona. Bibi yule alisomewa ukurasa wa mumewe. Spika tatu zinafanya kazi. Kuhusu ya nne, aliridhika kama alivyoahidi.